Kwa nini aliyeumia panjani huzungumza vizuri kisha akapoteza fahamu

Msomaji wa Morogoro ameandika hivi: "Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa miaka 24 alikuwa abiria wa bodaboda, wakaanguka, akagonga lami kwa upande wa kushoto wa kichwa. Alizimia dakika chache, akazinduka, akaja nyumbani kwa miguu yake, akaoga, akanywa chai na kutuhadithia ajali yote. Juu kidogo ya sikio alikuwa na uvimbe na mchubuko tu. Alisema kichwa kinamuuma, nikampa dawa ya maumivu, nikamwacha alale. Baada ya saa tatu hivi nilimkuta anakoroma, haamki, na mboni ya jicho la kushoto imekuwa kubwa kuliko ya kulia. Alipasuliwa usiku uleule na leo yu hai. Mama anasema ningemzuia asilale haya yasingetokea. Naomba kuelewa: fuvu si mfupa mgumu? Lilivunjikaje ilhali jeraha la nje lilikuwa dogo? Kwenye picha niliona mistari mingi, daktari akasema ufa ni mmoja tu. Ile mingine ni nini? Na mfupa waliouondoa na kuurudisha utashika? Maana sasa hata kutafuna kunamshinda, panja linamuuma."

Marahaba, dada yangu, na poleni nyote mliouguza. Naanza na lile linalokulemea zaidi, ingawa hukuliuliza waziwazi. Usingizi haukumwumiza mdogo wako. Mshipa wa damu ulichanika palepale barabarani, na ungeendelea kuvuja awe amelala, amekaa au anatembea. Kilichomwokoa ni kwamba uliingia kumtazama, ukaona kukoroma kule si kwa kawaida, ukaangalia macho yake, mkamkimbiza hospitali. Mwambie mama hivyo kwa niaba yangu. Mengine yote uliyouliza yanatokana na sehemu moja ndogo ya fuvu, inayoweza kufunikwa na ncha ya kidole gumba, na hiyo ndiyo nitakayokaa nayo kwa muda mrefu.

Weka vidole viwili panjani, kati ya jicho na sikio, kisha uume meno kwa nguvu na kuyaachia. Utahisi kitu kikijaa na kulegea chini ya vidole. Huo ni msuli wa panja, mmoja wa misuli mikubwa inayofunga taya. Umetanda ubavuni mwa kichwa, ukashuka na kupita nyuma ya tao la mfupa wa kitefute, hadi ukashika taya la chini. Sasa tafuta kwa kidole lile tao la mfupa linalotoka kwenye kitefute kuelekea sikioni. Panda juu yake upana wa vidole viwili, kisha uende nyuma upana wa kidole gumba kutoka ukingo wa nje wa tundu la jicho. Hapo, nyuma ya msuli, mifupa minne ya fuvu inakutana. Wanaanatomia hupaita mahali hapo pterioni, na kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kupatafuta kichwani mwake mwenyewe kabla ya kupatafuta kwa mgonjwa.

Fuvu la mtu mzima lina mifupa 22, bila kuhesabu vile vifupa sita vidogo vya ndani ya masikio. Mifupa 14 inaunda uso, na 8 inauzunguka ubongo: mfupa wa paji mbele, mfupa wa kisogo nyuma, mifupa miwili ya parietali inayofunika juu na ubavuni, mifupa miwili ya temporali iliyobeba masikio, na miwili iliyojificha chini na ndani, yaani etmoidi iliyo juu ya pua na sfenoidi iliyo katikati kabisa ya kitako cha fuvu. Katika mifupa yote 22, taya la chini peke yake ndilo linalocheza kwenye kiungo. Mingine yote imeshikamana. Sfenoidi ni mfupa wa ajabu, kwa sababu umelala ndani kabisa na umegusana na mifupa yote mingine saba iliyouzunguka ubongo, lakini una bawa kila upande linalochomoza hadi nje, na bawa hilo linatokeza panjani. Mifupa minne inayokutana kwenye pterioni, basi, ni paji, parietali, temporali na bawa hilo la sfenoidi.

Hapa ndipo jibu la ile mistari ya kwenye picha lilipo. Mifupa hiyo imeungana kwa mishono, na mshono wa fuvu si mstari ulionyooka. Kingo za mifupa zina meno yanayoingiana, huku uzi mwembamba wa tishu ngumu ukizishikilia, na kwenye picha mshono huonekana kama mstari mweusi uliopindapinda. Upo mmoja unaokatiza kichwa kutoka panja hadi panja nyuma ya paji, mwingine unaopita katikati ya utosi kwenda nyuma, na mwingine unaouzunguka mfupa wa kisogo. Ubavuni, juu ya sikio, mfupa wa temporali umeulalia ule wa parietali kwa ukingo uliochongwa mshazari, kwa hiyo mshono wake una meno machache na daktari asiye na uzoefu anaweza kuudhania ufa. Vilevile mishipa ya damu huchora mifereji ndani ya mfupa, na mifereji hiyo nayo huonekana kwenye eksirei kama mistari. Ufa wa kweli kwa kawaida hunyooka, ni mweusi zaidi, hauna meno, na haujali mipaka ya mifupa. Daktari wenu aliutofautisha vyema.

Umeuliza kama fuvu si mfupa mgumu. Ni mgumu, lakini ugumu wake haulingani kila mahali. Mfupa wa juu ya kichwa umejengwa kwa tabaka tatu: bamba la nje, bamba la ndani, na kati yake tabaka lenye vishimo vingi vilivyojaa uboho na mishipa midogo ya damu. Muundo huo unaupa mfupa nguvu bila kuufanya mzito. Kwenye utosi na ubavu wa juu unene wake kwa watu wengi ni kama milimita 6 au 7, na pale kisogoni penye kinundu unaweza kupita sentimita moja. Lakini sehemu ya mfupa wa temporali iliyo panjani ni bamba jembamba la milimita chache tu, ambalo tabaka la katikati karibu halipo, na mahali pengine halifiki hata milimita mbili. Katika maabara ya anatomia huwa ninawasha taa ndogo ndani ya fuvu kavu lililokatwa kifuniko, kisha nazima taa za chumba. Utosi na kisogo hubaki vyeusi. Panjani mwanga hupenya, na mfupa huonekana mwekundu wa manjano. Wanafunzi wakiona hivyo hunyamaza, na sijawahi kulazimika kuwaeleza mara ya pili kwa nini pigo la panjani linaogopwa.

Pigo linapotua, mfupa hubonyea ndani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kabla ya kurudi. Wakati wa kubonyea, bamba la nje linakandamizwa na bamba la ndani linavutwa, na mfupa huvumilia kukandamizwa kuliko kuvutwa. Zaidi ya hayo, bamba la ndani ni jembamba na ni rahisi kukatika kuliko la nje. Ndiyo maana ufa unaweza kuanzia ndani na kusambaa mbali, huku nje pakibaki mchubuko tu. Panjani kuna sababu nyingine pia: msuli ule mnene unafunika mfupa, na utando mgumu unaoufunika msuli huo hauruhusu uvimbe kutokeza haraka. Uvimbe mlaini wa panjani, unaobonyea ukiguswa kwa kidole, hata bila jeraha la ngozi, ni dalili ambayo mimi siipuuzi kamwe. Kinyume chake, ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu iliyoshikiliwa wazi na nyuzi za tishu, kwa hiyo mkato mdogo utosini unaweza kulowesha shati zima na kuogofya familia, ilhali ubongo uko salama. Ukubwa wa jeraha la nje hautoi habari ya kuaminika kuhusu kilichotokea ndani.

Sasa tuje kwenye mshipa wenyewe. Kutoka shingoni hupanda mshipa mkuu unaolisha uso na ngozi ya kichwa. Tawi lake moja hupita nyuma ya taya, likatoa tawi dogo linaloingia ndani ya fuvu kupitia kitundu kidogo kwenye kitako cha sfenoidi. Mshipa huo haulishi ubongo. Kazi yake ni kulisha mfupa na utando mgumu unaoufunika ubongo, utando ambao madaktari huuita dura. Ukishaingia, hutambaa kati ya mfupa na dura, ukagawanyika, na tawi lake la mbele hupita moja kwa moja nyuma ya pterioni. Kwa watu wengi tawi hilo limezama kwenye mfereji uliochongwa ndani ya mfupa, na kwa wengine linapita hapo kwenye handaki kamili la mfupa kwa urefu mfupi. Hivyo ufa ukikatiza mahali hapo, mshipa hauna pa kuukwepea na huchanika pamoja na mfupa. Kwa maneno mengine, mfupa mwembamba kuliko mingi ya kichwa ndio unaofunika mshipa wa ateri, yaani unaotoa damu moyoni, uliobanwa kwenye mfereji, na huo ndio udhaifu uliomkuta mdogo wako.

Dura imeshikamana na upande wa ndani wa fuvu, na katika hali ya afya hakuna nafasi yoyote kati ya vitu hivyo viwili. Nafasi hutengenezwa na damu yenyewe. Mshipa wa ateri husukuma damu kwa shinikizo ambalo kwa kijana mwenye afya ni karibu milimita 120 za zebaki moyo unapopiga, ilhali shinikizo la kawaida ndani ya fuvu la mtu mzima aliyelala ni kati ya milimita 7 na 15 tu. Damu inayotoka kwa nguvu hiyo huibandua dura kutoka kwenye mfupa kidogo kidogo, kama mtu anavyobandua tangazo lililogandishwa ukutani kwa kuanzia kwenye kona moja. Kila sehemu mpya inayobanduka huchana vimishipa vingine vidogo, na bonge la damu linaongezeka. Kwenye mishono dura hushika kwa nguvu zaidi kuliko kwingine, kwa hiyo kwa kawaida damu hukomea hapo, na kwa kuwa haiwezi kutanuka kwenda pembeni, hutanuka kuelekea ndani na kuusukuma ubongo. Hiyo ndiyo sababu kwenye CT skani damu ya namna hii huwa na umbo la lenzi, imevimba katikati na imechongoka kwenye ncha zote mbili. Damu inayovuja chini ya dura haizuiwi na mishono, hivyo hutanda kwa umbo la mwezi mwandamo juu ya ubongo, na ugonjwa huo una hesabu nyingine, kwa sababu mara nyingi ubongo wenyewe umeumia pia.

Lakini kwa nini alizungumza na kunywa chai? Kuzimia kwake barabarani kulitokana na mtikisiko wa ubongo, si na damu, na mtikisiko ulipopita fahamu zikarudi. Wakati huohuo bonge la damu lilikuwa linaanza kukua, na fuvu lilikuwa bado na akiba ya kulivumilia. Akiba hiyo ilielezwa na madaktari wawili wa Uskoti, Alexander Monro wa Pili mwaka 1783 na George Kellie mwaka 1824, na mafundisho yao bado yanatumika katika kila chumba cha wagonjwa mahututi. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake kuna ubongo, ambao huchukua kama asilimia 80 ya nafasi, na sehemu iliyobaki hugawanywa karibu sawasawa kati ya damu na maji ya ubongo. Kitu cha nne kikiingia, kimojawapo cha vile vitatu lazima kipungue. Kwanza maji ya ubongo husukumwa kuteremka kwenye mfereji wa uti wa mgongo, na damu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, hukamuliwa nje ya fuvu. Kwa muda huo wote shinikizo hupanda kidogo sana, na mgonjwa huongea, hula, hutania. Anachohisi ni maumivu ya kichwa yanayozidi, labda na kichefuchefu.

Akiba ikiisha, mambo hubadilika ghafla. Mililita chache tu zinazoongezeka baada ya hapo hupandisha shinikizo kwa kasi ambayo haiwezi kulinganishwa na ya mwanzo, na ndiyo sababu familia nyingi husema mgonjwa alikuwa mzima na mara akazimika. Si mara. Alikuwa anaelekea huko tangu saa ya kwanza, ila fuvu lilikuwa linaficha. Si kila mgonjwa wa damu ya aina hii hupata kipindi hicho cha fahamu: wengine hawazinduki tangu mwanzo, na wengine hawakuzimia kabisa. Urefu wa kipindi hicho nao hutofautiana, kwa sababu mshipa wa ateri huvuja haraka, ilhali vena na uboho wa mfupa uliovunjika huvuja polepole.

Ile mboni uliyoiona inaonyesha hatua iliyofuata. Ndani ya fuvu dura hutoa kuta ngumu zinazogawa vyumba, na mojawapo imetandazwa mlalo kati ya ubongo mkubwa na ubongo mdogo wa nyuma, ikiacha mwanya ambamo shina la ubongo hupita. Damu ya panjani inausukuma ubongo mkubwa kuelekea ndani na chini, mpaka kipande chake kinajipenyeza kwenye mwanya huo. Ukingoni mwa mwanya hupita neva ya tatu ya kichwa, ambayo pamoja na kazi nyingine hubana mboni. Ikikandamizwa, mboni ya upande uleule hulegea, hupanuka na haisinyai hata ikimulikwa kwa tochi. Kisha shina la ubongo lenyewe linakandamizwa, mgonjwa hazinduliki, hukoroma, pumzi hubadilika, mapigo ya moyo hupungua huku shinikizo la damu likipanda. Mara nyingi mkono na mguu wa upande wa pili hudhoofika kabla ya hapo. Mdogo wako alifikishwa kwa daktari akiwa kwenye hatua hiyo, na kupona kwake baada ya mboni kupanuka ni jambo la kushukuru sana, kwa sababu kuanzia hapo kila dakika ina hesabu yake.

Kuhusu kulala, ninaelewa kwa nini wazee wetu husema aliyeumia kichwa asilale. Wameona watu wakilala bila kuamka, na uchunguzi wao ni wa kweli, ila kilichowaua si usingizi. Tatizo la usingizi ni kwamba unaficha dalili: anayelala na anayepoteza fahamu hufanana kwa anayewatazama kutoka mlangoni. Hospitalini hatumkatazi mgonjwa kulala. Tunamwamsha, mwanzoni kila nusu saa, kisha kila saa, tunamuuliza jina lake na mahali alipo, tunamwambia anyanyue mikono yote miwili, na tunamulika macho. Majibu yake tunayapa alama kwa kipimo kilichotungwa jijini Glasgow, Uskoti, mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, kinachoanzia 3 kwa asiyeitika chochote hadi 15 kwa mwenye fahamu kamili, na alama zikishuka hata kwa mbili tunajua kuna jambo ndani. Lakini aliyezimia hata kwa dakika moja baada ya pigo la kichwa, au mwenye uvimbe panjani, hakupaswa kuangaliwa nyumbani hata kidogo. Alipaswa kwenda hospitali siku hiyohiyo, akiwa bado anaongea. Hilo silisemi kukulaumu, maana halifundishwi vya kutosha, na hata baadhi ya vituo huwarudisha watu nyumbani kwa sababu wameingia wakitembea. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika mara kwa mara, kuongea ovyo, degedege, au maji meupe au damu yanayotoka puani au sikioni, ambayo yanaashiria kwamba kitako cha fuvu kimepasuka. Na kwa maumivu, parasetamoli inafaa. Aspirini na dawa za jamii yake zisitumike, kwa kuwa zinazuia damu kuganda.

Nieleze kidogo kwa nini ugonjwa huu huwapata zaidi vijana kama mdogo wako. Sehemu ya sababu ni kwamba wao ndio walio wengi kwenye pikipiki. Sehemu nyingine imo kwenye fuvu lenyewe. Kwa mtoto mchanga mifupa haijaungana, utosi wa mbele bado ni laini na kwa kawaida hufunga kati ya miezi 12 na 18, dura imeshika sana kwenye mfupa, na ule mfereji wa mshipa bado haujachongeka, hivyo mfupa hubonyea bila kuukata mshipa kirahisi. Kwa mzee, dura imegandamana na fuvu kiasi kwamba damu inashindwa kuibandua. Kijana yuko katikati: mfupa umeshakomaa na unavunjika, mshipa umeshazama kwenye mfereji, na dura bado inabanduka. Kofia ngumu iliyofungwa vizuri chini ya kidevu na inayoshuka kufunika panja na sikio ndiyo inayokinga mahali hapa. Ile inayokalia utosi tu, au isiyofungwa mkanda, huliacha panja wazi kabisa, na inanisikitisha kuona abiria wengi wakipewa hiyo au wasipewe kabisa.

Huenda unajiuliza: mkipasua, mnafanya nini? Daktari wa upasuaji hukata ngozi mbele ya sikio na kupanda juu, hupasua msuli wa panja na kuubandua kutoka kwenye mfupa, kisha hutoboa matundu na kukata kipande cha mfupa kati ya matundu hayo. Damu iliyoganda huonekana mara moja, nyeusi na nzito, imelalia dura. Huiondoa, huutafuta mshipa unaovuja na kuufunga, kisha huishona dura pembezoni ili ikae karibu na mfupa na nafasi ile isijae tena. Kwa kawaida damu inayopita mililita 30 huhitaji kuondolewa hata kama mgonjwa bado ana fahamu, na hizo ni vijiko viwili tu vya chakula. Kwa kuwa katika ugonjwa huu ubongo mara nyingi haukujeruhiwa bali ulikandamizwa tu, mgonjwa aliyewahiwa anaweza kurudi kuwa kama alivyokuwa. Katika upasuaji wote wa kichwa sijui mwingine ambao malipo yake ni makubwa hivi kwa kazi inayoeleweka hivi. Wala wazo la kufungua fuvu si geni katika ukanda wetu: miongoni mwa Wakisii wa magharibi mwa Kenya, waganga wa jadi waitwao ababari walijulikana kwa kupasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa kwa watu walioandamwa na maumivu yasiyokwisha baada ya kupigwa, na madaktari wa karne ya 20 waliandika habari zao kwa heshima. Damu ya ateri, hata hivyo, haisubiri maumivu ya miezi. Dawa yake ni CT skani na chumba cha upasuaji siku hiyohiyo.

Kuhusu mfupa uliorudishwa, shaka yako ina msingi, maana mifupa ya kifuniko cha fuvu haiungi kama mfupa wa mguu. Mguu uliovunjika hujenga uvimbe wa mfupa mpya kuzunguka mahali palipovunjika. Fuvu la mtu mzima halifanyi hivyo. Kingo za kipande hushikana kwanza kwa tishu ngumu ya nyuzi, na mfupa mpya huziba polepole sana, pengine usizibe kila mahali. Ndiyo maana kipande hufungwa kwa vibati vidogo vya titani na skurubu au kwa nyuzi imara, na vifungo hivyo ndivyo vinavyokishikilia tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo ndiyo, utashika, na mdogo wako anaweza kulala upande huo jeraha likishapona. Mahali palipotobolewa huenda pakabaki vishimo vinavyohisiwa kwa kidole, na hivyo havina madhara. Kinachohitaji kurudi hospitali haraka ni mshono wa ngozi unaotoa maji au usaha, wekundu na joto linaloongezeka, homa, kipande kinachoonekana kuzama au kucheza, au degedege hata mara moja. Pikipiki asiendeshe mpaka daktari wake amruhusu.

Na maumivu ya kutafuna sasa unaweza kuyaeleza mwenyewe. Ili kufikia mfupa wa panja, daktari alilazimika kuukata na kuubandua msuli uleule uliouhisi chini ya vidole vyako, kisha akaushona mahali pake. Msuli huo ukipona hukakamaa, na taya hushindwa kufunguka kikamilifu kwa wiki kadhaa. Mpe uji, wali laini, ndizi za kupondwa na mchuzi kwa sasa, na umhimize kufungua mdomo polepole mara kadhaa kwa siku hadi pale anapohisi kuvutika, asilazimishe kupita hapo. Akiuacha mdomo umefungwa kwa kuogopa maumivu, msuli utazidi kukaza. Baada ya muda panja la kushoto linaweza kuonekana limebonyea kidogo kuliko la kulia kwa sababu msuli umepungua unene, wala si mfupa uliozama. Ikiwa baada ya miezi miwili au mitatu bado vidole viwili vilivyopangwa wima haviingii kati ya meno yake ya mbele, mpelekeni kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ileile aliyopasuliwa, pamoja na karatasi zake za upasuaji.